Riyadh Wanayasafisha, Sisi Tunayakimbiza Baharini



Kila inapoingia masika simu yangu hapa Riyadh hujaa picha kutoka nyumbani. Sebleni, Mwanakwerekwe, watu wamekunja suruali, watoto wamebebwa mgongoni, magodoro yamepandishwa juu ya makabati. Chini ya kila picha kuna mmoja anaitukana serikali na mwengine anaitetea. Halafu masika yanakwisha, sote tunasahau hadi mwakani. Leo sitaki kusema juu ya yale maji yanapokuwa majumbani mwetu. Nataka kuuliza yanakwenda wapi yakishatoka, na yanakwenda na nini.

Mimi nimekaa Saudia zaidi ya miaka 15, mwanzo Jeddah kisha Riyadh, na miji hii miwili imenipa masomo mawili yaliyo mbali mbali.

Jeddah, mji tajiri, lango la mahujaji, kwa miaka mingi sehemu yake kubwa haikuwa na mabomba ya majitaka. Kila nyumba na shimo lake. Shimo likijaa huja lori, likanyonya, likaenda kumwaga nyuma ya vilima, mashariki ya mji. Malori yale yakamwaga na kumwaga hata likapatikana ziwa zima la uchafu, na watu wa Jeddah kwa kejeli zao wakaliita Buhairat al-Misk, Ziwa la Miski. Ndio, miski hii hii tunayojipaka siku ya Ijumaa.

Tarehe 25 Novemba 2009, mwezi 8 Mfunguo Tatu, mahujaji wakielekea Mina, ikanyesha mvua ya kiasi cha milimita 90 kwa saa chache tu. Kwa Unguja hiyo ni mvua ya siku moja ya masika, tungesema imenyesha vizuri. Kwa Jeddah ilikuwa ni zaidi ya inayopata kwa kawaida mwaka mzima. Mitaro ilikuwa haba, na mabonde ya asili ambayo maji yalikuwa yakipita tokea enzi yalikuwa yamekatwa viwanja na kujengwa. Walikufa watu zaidi ya 100, na mtaa wa Quwaizah ndio ulioumia zaidi. Ukuta wa Ziwa la Miski haukupasuka, alhamdulillahi, lakini nakumbuka siku zile watu hawalali, kila mmoja anauliza habari za ziwa. Mfalme Abdullah aliamuru kila familia iliyofiwa ilipwe riali milioni 1, akaunda kamati ya uchunguzi, na maofisa wakafikishwa mahakamani. Ziwa likakaushwa 2010. Januari 2011 mji ukafurika tena, kwa sababu nyumba zilizokuwa bondeni zilikuwa bado ziko bondeni.

Sasa njooni Riyadh. Upande wa magharibi wa mji linapita bonde la Wadi Hanifah, urefu wake kilomita 120 hivi. Riyadh inakunywa maji ya bahari yaliyosafishwa chumvi na kuvutwa mamia ya kilomita kutoka Ghuba. Yanayovuja ardhini, yanayotoka kwenye mitambo ya majitaka na yale ya mvua, mengi yalikuwa yakiishia humo bondeni. Bonde likawa jaa: kifusi, matairi, harufu. Mwaka 2001 mamlaka ya maendeleo ya mji ikaanza kazi ya kulifufua. Hawakulifunika kwa zege wakaliita mtaro. Walizoa taka, wakalirejeshea mkondo wake, na sehemu ya kusini wakajenga vidimbwi vingi vilivyoungana, maji yanatoka hiki yanaingia kile.

Kazi yenyewe haina uchawi. Maji yanateremka juu ya mawe ili yachanganyike na hewa, na pengine hewa inapulizwa kwa pampu. Tope linatua chini. Kwenye mawe wanaota vijidudu na mimea midogo ya majini inayokula ule uchafu, samaki aina ya perege wanakula ile mimea, na mbele kuna matete yanayochuja kilichobaki. Kituo kilijengwa kiweze kusafisha mita za ujazo 350,000 kwa siku. Mwaka 2010 mradi ukapewa tuzo ya usanifu majengo ya Aga Khan, tuzo ya yule yule marehemu tuliyemjua Afrika Mashariki kwa hospitali na skuli zake. Leo ukenda huko jioni ya Ijumaa utakuta familia zimetandika mazulia, na vijana wa Kibangladeshi wametupa ndoana.

Sisi je? Zanzibar tulipata mradi wa ZUSP, mkopo wa Benki ya Dunia, ulioanza 2011. Ulijenga mitaro mikubwa ya kutoa maji mjini hadi baharini. Sitaibeza kazi ile, kuna mitaa iliyopumua. Lakini fikra nzima ya mtaro ni kuyakimbiza maji. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo machafu kuliko yote: yanafagia oili ya magereji, mifuko ya plastiki, vinyesi vya ng'ombe na mbuzi, na vyoo vilivyofumuka. Mtaro wa zege hausafishi hata tone, unakifikisha baharini mapema tu. Na bahari hiyo ndiyo anayovua mtu wetu, ndiyo wanamopiga mbizi watoto pale Forodhani. Kipindupindu cha 2015 na 2016 kilitupa wagonjwa zaidi ya 4,000. Tusijifanye hatujui maji machafu yanafanya nini.

Kuna watakaosema Riyadh wana mafuta, na tena mvua yao kwa mwaka ni kidogo mno. La pili ni kweli, na ni hoja. Hakuna kidimbwi cha kuchuja masika yote. Lakini hakihitajiki hicho. Kinachohitajika ni bwawa la kupokea yale maji ya mwanzo, yakae, tope litue, yapite kwenye kokoto na matete, na mvua ikizidi ya ziada yapite juu yaende zake. La mafuta silikubali. Mawe na matete si mafuta. Mombasa, gereza la Shimo la Tewa, wamejengewa bwawa la mimea kusafisha majitaka ya gereza. Kampala kinamasi cha Nakivubo kimekuwa kikiwachujia maji ya mji bure kwa mafunjo yake kabla hayajafika Ziwa Victoria, mpaka watu walipoanza kukivamia kwa viwanda na magimbi.

Mbu? Mbu wanazaa kwenye maji yaliyolala bila ya samaki. Kinachonitisha mimi zaidi ni matunzo, kwani bwawa lisilozolewa tope kila kiangazi linageuka Ziwa la Miski dogo, na sisi kwa kuzindua tu mabingwa, kwa kutunza hatumo.

Halafu pa kuyaweka hayo mabwawa. Mungu alishatuchagulia: ni yale mabonde yaliyokuwa yakijaa maji wazee wetu wakayaacha wazi, wakalima mpunga na mboga. Mtaani kwetu lilikuwepo moja, tukivulia vyura. Nilipokwenda likizo mara ya mwisho nilikuta nyumba ya ghorofa tatu, na majirani wote wanaozunguka sasa wanaingiliwa na maji ambao zamani hawakuwa wakiingiliwa. Nikauliza hati ya kiwanja kile katoa nani. Nikaambiwa, kwa sauti ndogo, bora ninywe chai yangu.