Je, Kuwinda kwa Chambo ni Ulaghai?

Katika nchi ambayo uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku mwezi Mei mwaka 1977, na biashara ya pembe na ngozi ikafuata mwaka 1978, kuuliza iwapo ni haki kumwinda mnyama kwa chambo huenda kukaonekana kama mjadala wa watu wasio na kazi. Kwa hakika sivyo. Bunduki za watalii zilinyamaza, ila chambo hakikunyamaza hata siku moja. Kipo mashambani mwetu hapa Misikhu, kipo kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, na kila mara mjadala wa kuuruhusu tena uwindaji unapozuka, kama ulivyozuka mwaka 2018 wizara ya utalii ilipounda jopokazi la kuchunguza matumizi ya wanyama pori, swali hili hurudi likiwa limevaa suti.

Kazi yangu ni lugha, basi msomaji aniwie radhi nikianzia huko. Kiswahili hakimtazami mwindaji kwa jicho moja. Anayesaka humfuata mnyama kwa miguu yake. Anayevizia hukaa kimya akamngoja. Anayetega huweka kitu kimngojee mnyama kwa niaba yake, naye akaenda zake. Tofauti hizi si mapambo ya kamusi. Zinapima umbali kati ya mtu na kifo anachokisababisha, na mimi nashikilia kwamba hukumu yetu juu ya chambo yapaswa kufuata umbali huo.

Wapinzani wa chambo husema kwamba ni ulaghai, kwa kuwa mnyama huitwa kwenye karamu akakuta mauti. Hoja hii haina nguvu inayodhaniwa. Mvuvi wa Ziwa Viktoria hutia chambo kwenye ndoana kila usiku na hatujamsikia mtu akimshitaki kwa kukosa uaminifu. Wazee wetu waliosema kuwa mtego bila chambo haunasi hawakuwa wakikiri dhambi, walikuwa wakieleza ufundi. Uwindaji wowote una hila ndani yake, hata ule wa kunyatia kinyume cha upepo.

Tuchukue kware, ambaye watu wa pwani humwita tombo na Wabukusu humwita isindu. Katika magharibi ya Kenya amenaswa kwa njia moja tangu zamani. Ndege walio hai huwekwa katika vitundu vilivyosukwa, vitundu hivyo hutundikwa juu ya mti mrefu, na kunapopambazuka ndege hao huita. Wenzao wa porini, wanaofika na msimu wa mvua, husikia, hushuka na kupita katika vijia vya nyasi ambamo vitanzi vimetandazwa. Hapa chambo ni sauti. Ajabu ya mtego huu ni kwamba hauhitaji damu: mtegaji huja asubuhi, humkuta ndege angali hai, na akiona si aliyemkusudia aweza kumwachilia. Sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 haikumwachia mtu uhuru wa kunasa ndege wa porini bila idhini, na wengi watakumbuka kuwa wakati wa ile homa ya kufuga kware ya mwaka 2013 na 2014 hata wafugaji walidaiwa leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyama Pori, KWS. Siitetei kazi isiyo na leseni. Nasema tu kwamba kwa kipimo cha umbali, mtegaji huyu yu karibu mno na mtego wake.

Sasa twende Bunyala, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka hapa kuelekea ziwani. Mtafiti wa ndege Martin Odino alieleza mnamo mwaka 2010 jinsi wawindaji wa huko walivyotumia dawa ya kuulia wadudu iitwayo Furadan. Walipaka dawa hiyo konokono, mpunga na kumbikumbi, kisha wakavitawanya mashambani. Korongo wale ambao mdomo wao hauzibi kikamilifu, na ambao chakula chao ni konokono, walivutwa kwa njia ileile ya kware: korongo wachache walio hai waliwekwa shambani ili wenzao wakiwa angani wadhani kuna usalama. Walishuka, wakala, wakaanguka. Nyama yao iliuzwa kwa watu, nao wakaila.

Msomaji ataona kwamba ufundi wa kuita ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mkono wa mtu umeondoka mwishoni. Konokono aliyepakwa sumu hamchagui korongo. Atamuua kunguru, mbwa, bata wa jirani, na sumu itapita katika nyama hadi kwenye sufuria ya mtu asiyejua lolote. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Hali ilikuwa hiyo hiyo Masai Mara mwezi Desemba mwaka 2015, wakati mzoga wa ng'ombe ulipotiwa sumu ili kulipiza kisasi kwa simba. Simba walikufa, na tai waliokuja kula wakafa pia. Mtengenezaji wa Furadan alikuwa ametangaza mwaka 2009 kuiondoa katika soko la Kenya, na bado Odino aliikuta ikitumika.

Wapo watakaosema kwamba sumu ni jambo jingine, tusilichanganye na chambo. Nakubali kwa nusu. Ila tutazame Marekani, ambako chambo hakina sumu na wawindaji wana vibali vyote. Mnyama anayewindwa huko hayupo Kenya. Wafasiri wa Biblia walimwita ayala, na walimu wengi wa shule humwita kulungu, ijapokuwa kulungu wetu ana pembe zisizodondoka kila mwaka kama za yule. Wawindaji wa huko humwaga mahindi au viazisukari msituni kwa majuma kadhaa, kisha huja kuvizia. Katika jimbo la Michigan zoea hilo lilipigwa marufuku katika rasi yote ya kusini kuanzia mwaka 2019, na sababu haikuwa huruma. Ayala wanaokula rundo moja hugusana pua na kuachiana mate, na kwa njia hiyo huambukizana ugonjwa wa kudhoofika unaoharibu ubongo, ambao hauna tiba. Rundo la mahindi lilifanya kazi yake ya kuwaita wanyama hata wakati ambapo mwenye rundo amelala nyumbani.

Na je, chambo hicho hufaulu? Hapa ndipo watetezi wake hupata aibu. Katika jimbo la South Carolina wataalamu walilinganisha maeneo yanayoruhusu chambo na yale yasiyoruhusu, wala hawakuona kwamba chambo huongeza idadi ya ayala wanaouawa. Mnyama hujifunza upesi kuliko mwindaji: huja usiku, hula, huondoka kabla ya mapambazuko, na anayemngoja mchana hujikuta amegeuka mfugaji.

Haki inataka niseme pia lililo jema. Nchini Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii ni halali, chui huwindwa kwa kutundikiwa mzoga mtini, na simba vilevile huvutwa kwa nyama. Kanuni za huko zinakataza kumuua simba aliye chini ya miaka 6, na ni vigumu kuukadiria umri wa simba anayekimbia majanini. Mbele ya mzoga hutulia. Mwindaji humtazama manyoya ya shingo, humtazama pua, na akiwa mtu mwenye adabu huishusha bunduki. Risasi yake pia hupigwa kutoka karibu, hivyo mnyama hapati mateso marefu ya jeraha.

Lakini kuwepo kwa mwindaji pekee hakutoshi. Simba Cecil wa Zimbabwe, aliyevalishwa mkanda wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliuawa mwaka 2015 nje ya Mbuga ya Hwange baada ya kuvutwa kwa mzoga wa ndovu. Mwindaji alikuwepo, tena alingoja. Chambo kilichowekwa nje ya mpaka hufanya kazi ndani ya mpaka, kwa maana harufu haisomi ramani. Hilo latuhusu sisi wa upande huu. Ndovu wa Mlima Elgon huingia usiku katika pango la Kitum, magharibi ya Kitale, wakachimba kwa pembe kuta zake ili wapate chumvi, na majangili wa miaka ya 1980 waliua wengi wao. Chumvi hiyo haikuwekwa na mtu, ila anayejua kwamba ndovu hawezi kuishi bila chumvi anajua pia njia atakayopita. Kumngoja mnyama penye uroho wake ni jambo moja. Kumngoja penye haja isiyoepukika, kama vile maji wakati wa kiangazi au chumvi, naona ni jambo zito zaidi, hata sheria ikinyamaza.

Kwa hiyo siafikiani na wale wanaotaka mtegaji wa kware wa Misikhu na mtia sumu wa Bunyala watajwe kwa jina moja la ujangili, vivyo hivyo siafikiani na wale wanaotaka uwindaji urudishwe kabla hawajaeleza chambo kitawekwa na nani, wapi, na nani atakaa kando yake hadi kiondolewe. Wa kwanza apewe leseni yenye msimu na idadi, naye afunzwe kumwachilia ndege asiyemtaka. Kwa yule wa pili, ukaguzi usianzie shambani ambako ndege wameshaanguka. Uanzie kwenye duka la pembejeo, kwenye daftari linaloonyesha ni nani aliyenunua dawa, kiasi gani, na kwa shamba lipi.