Taji Lisilonyauka

Hapa Mkumbara, Misa ikiisha, mjadala huanza chini ya mwembe: ubingwa ni wa Simba au wa Yanga? Mzee mmoja huwakumbusha kwamba mwaka 1988 Coastal Union ya Tanga iliwapiku wakubwa hao wote wawili, hivyo wasitabiri mapema.

Jumapili iliyopita nilikaa nao. Walijua nani majeruhi, nani ana kadi, nani atarudi lini. Nikauliza habari za mjane jirani yao, mgonjwa wiki ya tatu sasa. Kimya. Hata mimi nilikuwa nimezisikia asubuhi ile tu, ingawa matokeo ya Jumamosi niliyajua kabla ya kulala.

Mpira si dhambi. Mtume Paulo aliwapa Wakorintho mfano wa wanamichezo wanaojinyima mengi kwa taji linalonyauka, akitaka nasi tujinyime hivyo kwa lile lisilonyauka.

Jioni ile tulikwenda kwa mjane. Wa Simba alibeba maji, wa Yanga kuni, na njiani bado walibishana. Leo, kabla hatujamtabiri bingwa, tuulizane kwanza: mtaani kwetu, nani majeruhi?