EDTA haiondoi shaba majini

Naunga mkono maelezo kwamba EDTA, kemikali inayokamata metali, hupunguza makali ya shaba majini, ila tusidhani sumu imeondoka. Kinachomdhuru dafnia, yule kiroboto wa majini, hasa ni ioni huru za shaba. EDTA huzikamata, molekuli moja kwa ioni moja, zisinate kwenye matamvua yake; shaba yenyewe bado imo majini. Tena si kila kikamata-metali humlinda kiumbe. Zanthati, kemikali ya migodini ya kutenganisha madini ya shaba na mawe, ikiungana na kadimiamu hutoa kitu kinachoyeyuka katika mafuta, nacho hupenya matamvua ya samaki kwa urahisi zaidi kuliko kadimiamu peke yake. Jamani, wanaopima mito iliyo chini ya migodi wasiishie kwenye jumla ya metali. Wapime na zanthati.