Kubana mafuta kusimvutishe mtoto moshi

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi Ewura inatangaza bei kikomo za mafuta, na sisi wa Simiyu tunajua ya kwetu itazidi ile ya Dar es Salaam, maana lita tunayochoma hapa imesafirishwa kwa lori karibu nchi nzima. Bei ikipanda, gereji za mtaani Bariadi zinapata wateja wa kazi moja: fundi, nipunguzie ulaji.

Safu hii ni ya afya, na mimi si fundi. Lakini baadhi ya yanayofanyiwa magari yetu ili yale kidogo yanaishia kwenye mapafu ya watoto, kwa hiyo wiki hii tuingie chini ya gari.

Tuanze na upepo. Gari likitembea linasukuma hewa. Ukiongeza mwendo mara mbili, tuseme kutoka 50 hadi 100 kwa saa, nguvu ya hewa inayolizuia inafika mara nne. Ndiyo maana kwenye lami ya kwenda Lamadi mguu wako wa kulia ndio unaoamua bei ya safari kuliko kifaa chochote cha dukani. Keria nayo ina gharama. Serikali ya Marekani inawaeleza madereva wake kuwa sanduku kubwa juu ya paa linaweza kupunguza kilomita unazopata kwa lita kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Kama msimu wa pamba na choroko umepita na keria iko juu tupu, ishushe. Ni kazi ya spana tu.

Huko huko Marekani kuna mtu aliyeichukua Honda Civic ya mwaka 1992 akaibadilisha nyumbani kwa plastiki na alumini, akaiongezea mkia mrefu uliochongoka. Alisema anapata takribani kilomita 40 kwa lita. Kwa nini mkia? Kwa sababu nyuma ya gari lililokatwa wima, kama Probox au Noah, hewa haiwahi kujifunga. Inabaki nafasi yenye mgandamizo mdogo, hewa inazunguka humo na kulivuta gari nyuma.

Hapo ndipo afya inapoingia. Hewa hiyo inayozunguka ndiyo imebeba moshi wa ekzosi. Mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, moshi unaachwa barabarani. Ukifungwa kwa kamba ukiwa wazi nusu kwa sababu viroba vimejaa, gari linaunyonya moshi ndani. Na nani anakaa karibu na mlango ule? Kwenye mchomoko uliojaa, ni watoto, wamepangwa kwenye buti juu ya mizigo.

Gesi ya kutisha kwenye moshi huo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, hivyo mtoto anapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Na mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na usingizi mzito. Tukifika Lamadi tunasema gari limemchafua, au ni malaria. Inawezekana kabisa, na kipimo cha malaria afanyiwe. Lakini kama na wenzake waliokaa nyuma wanalalamika kichwa, na wanapata nafuu wakishuka, mwambie mhudumu wa afya mlivyosafiri, kwa sababu tiba ya hii ni oksijeni, na hatajua kuifikiria usipomwambia. Mtoto aliyelala nyuma na haamki vizuri mtoe kwenye hewa safi, umkimbize kituoni.

Kwa hiyo mzigo usiponea ndani, upandishwe kwenye keria, mlango ufungwe. Mafuta yataongezeka, ndiyo. Hapo mimi nachagua keria.

Jambo la pili ni masega. Hiki ni kile kichungio kwenye bomba la moshi, chenye vitundu kama sega la nyuki, ambacho kinageuza sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi kuwa hewa ya ukaa kabla haijatoka. Fundi atakwambia yakitolewa gari "linapumua" na ulaji unashuka. Yakiwa yameziba kweli, gari linachoka na kula, na ukiyatoa utaona tofauti. Ila yaliziba kwa sababu, mara nyingi injini kula oili au plagi kukosa moto, na sababu hiyo bado unayo. Yakiwa mazima, usitegemee akiba ya maana. Utapata taa ya injini kwenye dashibodi na moshi wenye sumu zaidi, na pale yalipokatwa panachomelewa kipande cha bomba ambacho kikitoboka kinapuliza moja kwa moja chini ya sakafu alipokaa mwanao. Tena uliza masega yako yanakwenda wapi. Ndani yana madini kama platinamu, yanauzika vizuri, na punguzo unalopewa la ufundi huenda limelipwa na mali yako mwenyewe.

Kutoa thermostati, ambako mafundi wengi wanakupenda, hakusaidii: injini inachelewa kupata moto na inakula zaidi. Na kuziba rejeta kwa boksi waachieni wanaokaa kwenye theluji. Kwa jua la hapa utachemsha injini kabla ya Maswa.

Kinachosaidia bila kumgusa mtoto ni upepo wa matairi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, plagi kubadilishwa kwa wakati, na kupunguza mwendo.

Ukiwa na wasiwasi na bomba lako, liwashe gari asubuhi likiwa la baridi, nje, si ndani ya banda. Mtu azibe kidogo mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kilicholowa, wewe inama pembeni usikilize. Ukisikia inapuliza "fyuu" katikati ya gari, kuna tundu, na hela ya kupunguza ulaji mwezi huu mpe fundi wa kuchomelea.