Cheche, Hendeli na Madai ya Uchanga wa Kiswahili

Wangalipo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili, pamoja na utamu wake wote katika ushairi, hakijapevuka kueleza mitambo. Dai hili halistahili hamaki. Lastahili kutiwa majaribuni. Uchukuliwe mfano wa Ford Model T, gari lililoundwa Marekani tangu 1908 hadi 1927, na namna ya kuuandaa mfumo wake wa kuwashia.

Sumaku 16 hufungwa kwenye gurudumu zito la injini. Zinapozunguka mbele ya koili zisizosogea, umeme huzalishwa. Umeme huo hupelekwa kwenye koili nyingine nne zilizomo sandukuni, kila moja ikihudumia silinda yake. Kifaa kinachozungushwa na kamshafti huamua zamu: silinda ya kwanza, ya pili, ya nne, kisha ya tatu. Fundi hukisafisha kifaa hicho, akailinganisha mitetemo ya koili nne, akazikagua nyaya. Kisha hupandisha hadi juu wenzo ulio kushoto mwa usukani, akahakikisha kwamba cheche ya silinda ya kwanza inatokea pistoni ikiisha kugandamiza petroli na hewa na kuanza kushuka. Cheche ikiwahi, pistoni husukumwa kinyume, na hendeli hurudi kwa kishindo kiwezacho kuvunja mkono wa anayeizungusha.

Je, Kiswahili kimekwama wapi? Usalama wa mkono huo umo katika vitenzi viwili: kuwahisha na kuchelewesha. Atakayeandika 'kupunguza cheche' hajasalitiwa na lugha, hajauelewa mtambo. Ni kweli kwamba koili, pistoni na hendeli ni maneno ya mkopo, lakini yamekwisha kupata ngeli na upatanisho wake. Kiingereza chenyewe kililipokea neno pistoni kutoka Kifaransa, nacho Kifaransa kikalitoa Kiitaliano. Hakuna aliyekiita kichanga kwa sababu hiyo.

Kasoro, basi, haimo katika lugha. Imo katika mazoea ya kuunda orodha za istilahi zisizowahi kutiwa katika sentensi hata moja ya maelekezo. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kutoka maktabani, wakawasikilize mafundi wa jua kali, kisha waandike miongozo ambayo fundi ataifuata bila kuumia. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.