Mbwa wa Ploti, Paka wa Kila Mtu

Ubishi uliozaa toleo hili tuliukuta Soweto West, kwenye kibanda cha mgongo wazi, jioni tukingoja samaki wakaangwe. Chini ya meza ya mama mkaangaji alilala paka wa kijivu. Ng'ambo ya mtaro, hatua kama tatu hivi, mbwa koko alikuwa amekaa kitako akimtazama mama usoni. Mteja mmoja akasema mbwa ana akili kuliko paka, maana anajua kungoja. Mwenzake akamjibu kwamba anayengoja ndiye mjinga, paka keshakula. Watu wakacheka, wakagawanyika, na kwa dakika ishirini hakuna aliyetaja bei ya unga. Nikaona tumepata mada.

Msomaji asiyepajua mahali penyewe aelewe kwanza. Soweto West ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera (Soweto East ni kingine, msivichanganye), na nyumba nyingi ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, ukuta wa udongo au mabati. Humo mna kitanda, pazia, jiko, mitungi ya maji na watoto. Mnyama anayeingia humo sharti awe na kazi. Paka anayo: panya. Panya wa mtaani hutoboa gunia, hula omena, huchafua unga, na usiku huweza kumng'ata mtoto kidole. Paka mwindaji huazimwa nyumba hadi nyumba kama watu wanavyoazimana ngazi. Mbwa hana pa kulala chumbani. Yeye ni wa ploti: wa landilodi kwa jina, wa wapangaji wote kwa ukoko wa ugali.

Kuna la dini pia. Kibera ilianzishwa na askari wa Kinubi waliokalishwa hapa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na Makina bado ni mtaa wa adhana. Katika fikihi ya Kishafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Paka hana neno, hupita hadi kwenye mswala. Ingawa mapokeo hayohayo yanamtaja mtu aliyesamehewa dhambi kwa kushuka kisimani na kumtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake. Basi kabla hatujapima akili ya yeyote, mmoja yumo ndani na mwingine yuko mlangoni, kwa sababu zisizohusu ubongo hata kidogo.

Ukitoka Kawangware ukaingia Lavington, mambo hugeuka. Huko mbwa ana kibanda chake, daktari wake na soja wake, na soja huyo mara nyingi ndiye aliyetoka kwa miguu alfajiri Kawangware au Kibera. Getini pameandikwa MBWA KALI. Walimu wetu wa Kiswahili waliumia kila walipokiona kibao hicho, kwani sarufi inataka "mbwa mkali". Mimi nimeacha kulalamika. Nadhani aliyekiandika cha kwanza alikuwa na haraka.

Wataalamu nao wamebishana muda mrefu kuliko sisi. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike aliwafungia paka wenye njaa kwenye masanduku yenye komeo, chakula kikiwa nje, akapima muda waliochukua kujifungua. Akaamua kwamba walitoka kwa kubahatisha na kurudia tu. Mwaka 2017 jopo la Mbrazili Suzana Herculano-Houzel likahesabu seli za neva kwenye gamba la ubongo: mbwa takriban milioni 530, paka milioni 250, na binadamu bilioni 16. Magazeti yakatangaza mshindi. Lakini mbwa waliohesabiwa walikuwa wawili tu, na dubu, pamoja na ukubwa wa kichwa chake, alikutwa na seli zinazokaribiana na za paka. Wingi wa seli haukuambii mwenye nazo anazitumiaje. Aliyewahi kuhudhuria mkutano wa wapangaji atanielewa. Kisha kuna Chaser, mbwa wa South Carolina aliyejifunza majina ya vitu 1,022 na habari zake zikachapishwa mwaka 2011. Ajabu kweli. Ila aliyemfundisha alitumia miaka mitatu, na sijasikia aliyekaa na paka muda huo wote akimtajia majina ya wanasesere.

Jaribio ninalolipenda ni la Budapest, la Ádám Miklósi na wenzake, mwaka 2005. Mtu aliponyosha kidole kuonyesha bakuli lenye chakula, paka walikifuata kidole karibu sawa na mbwa. Tofauti ilijitokeza chakula kilipofungwa pasipoweza kutoka. Paka aliendelea kuparura. Mbwa alijaribu kidogo, akaacha, akainua kichwa kumtazama mtu.

Wapenzi wa paka husema huo ni uvivu, mbwa amedekezwa mpaka amesahau kujitegemea. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Nani katika Soweto West huishi kwa kujitegemea? Bomba likikauka unajua mlango wa kubisha. Stima ikipotea unajua kijana wa kumwita. Mtoto akishikwa na homa usiku unajua jirani mwenye simu yenye salio. Kujua kwamba jambo limekushinda, na kujua ni nani wa kumtazama, ni akili tena ya hali ya juu, na mbwa ameisomea kwa zaidi ya miaka elfu kumi na tano ya kuishi nasi.

Mtazame mbwa wa ploti. Mpangaji anayerudi saa nne za usiku hambwekii, soja anayerudi alfajiri hambwekii, lakini mgeni akigusa mlango wa mabati mtaa mzima huamka. Tena inama chini mbele ya mbwa koko yeyote wa Nairobi, kana kwamba unaokota jiwe. Jiwe lisiwepo kabisa. Atakuwa ameshakimbia kabla mkono haujafika chini. Amesoma nia yako, si kitendo chako. Paka ukimwinamia hukutazama tu, akingoja uinuke.

Simdharau paka. Atsuko Saito wa Japani alionyesha mwaka 2019 kwamba paka wa nyumbani hulitambua jina lake kati ya maneno mengine, hata likitamkwa na mgeni. Kuja ni habari nyingine. Yule wa kijivu wa kibandani, niliuliza, akaniambia mama kwamba anaitwa Pusi. Mlango wa pili wakasema ni Simba. Wa tatu, Nyau. Majina matatu, sahani tatu, na kila nyumba inaamini paka ni wake. Hiyo nayo ni akili, ila ni ya kuwatumia watu bila wao kujuana, na siwezi kuisifu sana mbele ya watoto.

Na wote wawili waangalie nyuma yao. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Huyo ni ndugu wa yule tunayemfugia paka.

Kurasa za katikati tumeziachia chanjo, na sitaomba radhi. Mbwa anayejua kusoma watu bado hajui kujipeleka kuchanjwa kichaa. Tangu 2014 Kenya ina mkakati wa kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na hesabu yake inahitaji asilimia 70 ya mbwa wachanjwe mwaka baada ya mwaka. Mbwa wa Lavington atafika kwa gari. Wa ploti ana wenyewe ishirini, na siku ya chanjo hakuna anayeshika kamba. Paka wa majina matatu yuko vivyo hivyo.

Jioni ile samaki wangu alipoiva, mama alimgeuza mara ya mwisho akamweka kwenye gazeti. Paka hakufungua jicho. Mbwa alimtazama mama, akaona mikono yake imejaa, akanigeukia mimi niliyeshika pesa.