Kabla ya Nikahi, Zungumzeni na Habari ya Mpira



Leo nataka tuzungumze mpira. Najua tumezoea kupeana habari za singo, mahari, mavazi ya harusi na namna ya kukaa vizuri na mawifi. Nivumilieni, kwa sababu mada hii sikuikuta uwanjani. Niliikuta chumbani kwa bi harusi, usiku wa hina.

Nilikuwa Morogoro. Rafiki yangu niliyesoma naye Chuo Kikuu cha Waislamu pale pale Morogoro alikuwa anamuoza mdogo wake, na kwa urafiki wetu nisingeweza kukosa. Nikapanda boti ya asubuhi kutoka Unguja, nikashuka Dar es Salaam, nikaingia treni ya SGR, na kabla ya alasiri nikawa nimeshafika. Wenyewe mji wao wanauita "mji kasoro bahari", na sisi wa visiwani tukifika tunaiona kasoro hiyo mara moja. Lakini Mungu amewapa milima. Uluguru imesimama nyuma ya nyumba zao, asubuhi imefunikwa na ukungu, na kina mama wanateremka kutoka huko na ndizi na mboga kwenda sokoni.

Bi harusi ni binti wa Kiluguru, mpole, ana miaka 22. Nilipomkunjia kanga ili mchoraji wa hina apate nafasi ya mguu, nikaona kovu refu chini ya goti. Nikamuuliza kama alianguka na bodaboda.

Akacheka. "Hapana dada, ni mpira."

Akaniambia alianza akiwa shule ya msingi, akacheza namba sita mpaka mashindano ya UMISSETA, na kuna mwaka mwalimu wake alimwambia ajitume, huenda akaitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa ya vijana. Nikamuuliza, "Na sasa?"

Akaitazama hina yake. "Sasa si naolewa, dada."

Nikamuuliza kama mchumba wake amemkataza. Akasema hapana. Wazazi? Hapana. Je, yeye amemwambia mchumba kwamba anapenda kuendelea? Hapana. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona pa kulianzia. Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Niliona si wakati wa kuleta maneno katika furaha ya watu. Tukaendelea na hina.

Tangu usiku ule, orodha ya kikosi cha taifa ikitangazwa siisomi kama zamani. Zamani nilitazama nani ameitwa na nani ameachwa na kocha. Sasa nawafikiria pia wale ambao kocha hakupata hata nafasi ya kuwaacha, kwa sababu waliondoka wenyewe kimya kimya wiki ya harusi yao.

Tazameni kikosi cha wanaume. Morogoro imeipa Taifa Stars watu kama Shomari Kapombe, aliyepitia Polisi Morogoro, na Dickson Job, aliyekulia Mtibwa Sugar ya Turiani. Visiwani kwetu tumemtoa Feisal Salum, Fei Toto wetu. Mchezaji wa kiume akioa tunampongeza, tunasambaza picha zake, na kambi ikiitwa anakwenda. Hakuna anayemuuliza kama ndoa imemruhusu. Mchezaji wa kike akiolewa, wengi huchukulia kwamba ametundika daluga, hata kama mwenyewe hajasema hivyo.

Na tusidhani kwamba wasichana hawa wanacheza mchezo wa kupoteza muda. Oktoba 2022, Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia wakiwa na kocha Bakari Shime. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu yoyote ya soka ya Tanzania, ya kike au ya kiume, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Walianza kwa kufungwa na Japani 4-0, na wengi wakasema yamekwisha. Kisha wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali. Huko wakatolewa na Colombia kwa 3-0. Majina 21 tu yalikuwa katika kikosi kile, na nchi nzima ilijivunia.

Sasa fanyeni hesabu ya umri. Binti aliyekuwa na miaka 16 India mwaka 2022, miaka mitatu minne baadae ndipo anapoanza kuposwa. Na ndio umri huo huo anaotakiwa kupanda kwenda kikosi cha wakubwa, Twiga Stars. Timu hiyo ilifuzu fainali za Afrika za wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 2010, Afrika Kusini. Ikasubiri mpaka Julai 2025 ndipo ikarudi tena, Morocco. Safari hiyo ikafungwa na Mali, ikatoka sare na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, kisha ikafungwa na Ghana. Kati ya mashindano hayo mawili ni miaka 15. Sisemi ndoa ndiyo iliyosababisha tukangoja muda wote huo. Mpira una sababu nyingi. Lakini nchi inayopoteza mabinti wake wakiwa na miaka 20 na kitu haiwezi kujenga kikosi kilichokomaa.

Kuna jambo jengine zito zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ya Tanzania Bara, iliweka umri wa miaka 15 kuwa unatosha kwa binti kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Yaani tulikuwa na sheria inayomuona binti wa miaka 15 tayari kwa kuwa mke, wakati mpira unamuona bado yumo kwenye timu ya watoto. Mimi ni mama. Najua ni upi kati ya hao wawili unaomtazama kwa jicho la mama.

Nasikia mtu anasema: lakini dada, dini yetu na sitara? Swali zuri, na tusilikimbie.

Tuanze na mavazi. Ni kweli, zamani hijabu ilikuwa marufuku katika mashindano ya FIFA. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya kufunika kichwa. Lakini mwaka 2014 marufuku hiyo iliondolewa rasmi. Mwaka 2016, kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 lililofanyika Jordan, wasichana wakacheza na hijabu zao. Na tarehe 30 Julai 2023, mjini Adelaide, Australia, Nouhaila Benzina wa Morocco akawa mwanamke wa kwanza kucheza Kombe la Dunia la wakubwa akiwa na hijabu. Siku hiyo Morocco iliifunga Korea Kusini 1-0. Tukumbuke pia kuwa Saudi Arabia, nchi tunayoielekea kwa hija na umra, ilianzisha ligi kuu ya wanawake mwaka 2022, na mshambuliaji wetu Clara Luvanga alijiunga na Al Nassr ya Riyadh mwaka uliofuata.

Kuhusu hukumu ya mwanamke kucheza mbele ya wanaume, mimi si mufti. Maulamaa wamezungumza na wanatofautiana, na kila mmoja amuulize mwanachuoni anayemuamini. Ninachokijua ni kuwa michezo yenyewe si najisi. Sote tulisomeshwa madrasa kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Mara ya kwanza Bibi Aisha alimshinda, na baadae Mtume akamshinda yeye. Mume aliyekimbia na mkewe! Wangapi katika sisi waume zetu wanajua hata kama tulikuwa tunakimbia?

Kwa hivyo rai yangu si kwamba kila binti acheze mpira, wala kwamba kila mume lazima akubali. Rai yangu ni kwamba jambo hili lizungumzwe kabla ya nikahi, waziwazi, kama tunavyozungumza kazi na masomo. Mtume ametufundisha kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ya ndoa. Sisi tunalitumia fundisho hilo kwenye mahari na samani za ndani, tukifika kwenye maisha ya binti mwenyewe tunaona haya.

Kama wewe ni bi harusi na unacheza, zungumza na mchumba wako, wali wako akijua, mambo haya:

Kambi. Timu ikiitwa unaweza kukaa wiki kadhaa nje ya nyumba. Mume anaridhia? Kuna mwanamke mtu mzima anayewaangalia huko?

Safari. Mashindano yanaweza kuwa nchi ya mbali. Nani atafuatana nawe, na kama hakuna, mnaafikiana vipi?

Mavazi, sala na funga. Utavaa nini uwanjani, na Ramadhani ikikutana na ratiba mtafanyaje?

Pesa. Posho na mshahara wako ni wako kisheria ya dini. Zungumzeni mapema, zisije zikawa chanzo cha ugomvi.

Uzazi. Hapa wengi hawajui kwamba FIFA imeweka kanuni tangu mwaka 2021: mchezaji mwenye mkataba ana haki ya likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, wiki 8 kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua, na alipwe angalau theluthi mbili ya mshahara wake. Kwa hivyo mimba si mwisho wa mkataba. Soma mkataba wako kabla ya kusaini, kama unavyosoma cheti cha ndoa.

Mume akisema "siwezi", amesema ukweli mapema, na wewe una nafasi ya kuamua. Akisema "naweza", basi ni ahadi. Yote mawili ni bora kuliko kimya. Kimya kinamdhulumu binti anayeacha kitu akipendacho bila kuulizwa, na kinamdhulumu mume pia, ambaye miaka kumi baadae atalaumiwa kwa katazo ambalo hakulitamka.

Hapa kwetu visiwani jambo hili linatuhusu zaidi. Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa CAF Machi 2017, na Julai mwaka huo huo ikaondolewa. Kwa hivyo binti wa Unguja au Pemba anayeota kucheza fainali za Afrika, mlango wake ni Twiga Stars, na kambi yake ni ng'ambo ya bahari. Anahitaji baraka za nyumbani kabla ya kuhitaji jicho la kocha.

Nirudi Uluguru. Waluguru ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo nayo inafuata huko huko. Wana mila zao za mwali, anayewekwa ndani na kufundwa na wanawake wakubwa kabla ya kutolewa mbele za watu, kama sisi tulivyo na mwari wetu na somo wake. Kwa hivyo sikuweza kusema kwamba binti yule hakuwa na wa kumsemea. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wenye sauti, na mimi nilikuwa mmoja wao. Alifundwa usafi, mapishi, staha na siri za chumbani. Hakuna aliyemuuliza: wewe unapenda nini, na umemwambia mwenzako?

Baada ya harusi nilimtumia ujumbe nikamuomba radhi, nikamwambia bado hajachelewa kuzungumza na mumewe. Akanijibu siku ya pili. Ameshamwambia. Mumewe alishangaa, akasema hakujua kabisa kama mkewe anacheza, akaomba apewe muda afikirie. Sijui jibu lake litakuwa lipi, na si langu kulijua. Lakini kama lingeulizwa usiku wa hina, au siku ya posa, asingelazimika kulianzisha peke yake.

Makungwi na masomo, nawaomba ongezeni swali hilo moja katika mafunzo yenu. Kina mama wa mabibi harusi, ulizeni kabla sanduku halijafungwa. Na wewe bi harusi mwenye kovu la mpira mguuni, usilifunike kwa hina.

Allah awajaalie ndoa zenye mapenzi na huruma, na awape waume wenye kusikiliza. Amin.